Donge la Rafu ya Juu

Wanafunzi walimwita Fundi Chupa, na jina likamganda hata walimu wakasahau lake halisi. Alikuwa mtunza maabara wa shule ya sekondari, mwaka wa kumi na moja sasa. Mfagiaji wa maabara hiyo alikuwa mama yake mdogo, aliyemlea tangu mama mzazi alipofariki na kumwacha hajaota hata meno. Kazi hiyo ya kufagia Fundi Chupa ndiye aliyemtafutia. Mama mdogo hakujua kusoma, lakini ulimi alikuwa nao, na mikono yake haikujua kukaa bure.

Ijumaa moja alasiri mvua kubwa iliwafungia ndani. Ili kumchangamsha, Fundi Chupa alipanga bilauri nne za maji mezani. Ya kwanza akatia kipande cha shaba, ya pili msumari, ya tatu utepe wa magnesiamu, na ya nne kibonge cha kalsiamu, kidogo kama punje ya hindi.

"Yote haya ni vyuma, lakini shaba haina habari na maji," akamwambia. "Msumari utaliwa na kutu, ila taratibu, siku baada ya siku. Huyu wa tatu mvivu, mpaka maji yawe ya moto ndipo aamke."

Bilauri ya nne ikaanza kutoa mapovu, maji yakawa meupe kama tui.

Mama mdogo akacheka mpaka akashika mbavu. "Hili limevimbiwa, maskini. Lipe tangawizi."

"Yapo na makali zaidi ya hilo," alisema Fundi Chupa. Mara mvua ikakatika, naye akaenda kufungua madirisha. Hakusema makali kiasi gani, wala mama mdogo hakuuliza.

Wiki mbili baadaye zikaja habari kwamba wakaguzi wangefika Jumatatu. Shule nzima ikawa mbio mbio. Mwalimu mkuu akamwita Fundi Chupa akasaidie kupanga viti ukumbini, naye akamwachia mama mdogo ufunguo wa stoo.

"Mama, futa rafu tu. Chupa za juu usiziguse."

"Nimesikia, mwanangu."

Kwenye rafu ya juu palikuwa na chupa moja pana ya sodiamu, imehifadhiwa ndani ya mafuta ya taa ili isikutane na hewa wala maji. Kifuniko kilikuwa kimeoza kwa kutu na kioo kimeingia ufa. Fundi Chupa alijua. Alimwomba mwalimu mkuu chupa mpya mara mbili mwaka uliopita, akapigwa danadana, akachoka, akanyamaza.

Mama mdogo alifuta rafu, mafuta yakachuruzika kutoka kwenye ule ufa. Akafuta tena, yakarudi. Ndani aliona donge kubwa kama nusu mche wa sabuni, limefunikwa na ukoko mchafu wa manjano. Baadaye, akiwa kitandani hospitalini, alimweleza Fundi Chupa mwenyewe: aliona haya kwa niaba yake, wakaguzi waje wakute uchafu ule kwenye stoo ya mwanawe. Akaona aliogeshe lile donge na kulitia kwenye chupa safi. Mapovu aliyategemea. Alishayaona Ijumaa ile, tena yakamchekesha. Akajaza sinki maji, akalitumbukiza.

Fundi Chupa alikuwa amebeba viti viwili aliposikia mshindo. Kuna waliodhani ni tairi la lori barabarani. Yeye aliviachia viti pale pale, akatimua mbio.

Sinki lilikuwa limepasuka vipande viwili, maji yakitiririka sakafuni, na moshi mweupe umejaa chumba. Mama mdogo alikuwa ameketi chini, ameegemea kabati, viganja usoni.

"Sioni," alisema, kwa sauti ya chini kabisa.

Akambeba mpaka kwenye bomba la uani na kulifungulia lote. Mama mdogo alimpiga ngumi za kifua. "Si maji, mwanangu. Nakuomba, si maji tena."

"Kinachokuchoma sasa ni magadi makali ya lile donge, Mama. Yasipooshwa yatakula macho yote." Akamshika kichwa kwa nguvu, akamfumbua kope kwa vidole, akayaacha maji yamwagike dakika ishirini nzima, mama mdogo akilia kama mtoto. Wanafunzi walisimama mbali, hakuna aliyethubutu kusogea.

Jicho la kulia lilitolewa siku ya tatu. La kushoto likabaki likiona mwanga wa dirisha, basi.

Mwalimu mkuu alimwita Fundi Chupa ofisini na karatasi iliyokwisha kuchapwa. Ilisema mfagiaji aliingia stoo bila ruhusa na kuchezea kemikali.

"Weka sahihi hapa, yaishe."

"Ufunguo nilimpa mimi. Na chupa ile sote wawili tulijua ni mbovu."

"Ukiandika hivyo, kazi huna. Fikiria vizuri. Mgonjwa utamlisha nini?"

Fundi Chupa aliomba karatasi tupu. Akaandika ufunguo, chupa, maombi yake mawili, hata zile bilauri nne. Wiki haikwisha akafukuzwa. Madai ya fidia ya mama mdogo yakapelekwa ngazi za juu, na kila walipoulizia waliambiwa yanashughulikiwa.

Asubuhi moja chumbani mwao, Fundi Chupa akimshikisha kikombe cha chai, mama mdogo alizungumza bila kugeuza uso.

"Lile la Ijumaa lilichemka tu."

"Lilikuwa jingine, Mama."

"Si ulisema yote ni vyuma?"

"Vyote ni vyuma. Havifanani."

Mama mdogo alikunywa funda moja, akakaa nalo mdomoni kabla ya kulimeza. "Ungenionyesha lile baya kwanza. Au usingenionyesha chochote."

Mama mdogo akampa kikombe, akajilaza, akageukia ukutani. Fundi Chupa aliketi naye mpaka chai ikapoa. Kisha akavaa viatu na kumwachia jirani ufunguo, maana alikuwa amesikia kwamba kwenye tanuri la matofali wanachukua vibarua, na wanaochelewa hurudishwa.