Kiti cha Kumi na Nne

Fundi cherehani mmoja, wateja wakimwita Mama Pindo kwa jinsi alivyokunja pindo uzi usionekane, alikuwa na tiketi mbili za onyesho la mwimbaji mkongwe aliyekuwa akiaga jukwaa. Moja yake, moja ya shoga yake muuguzi. Siku nne kabla ya onyesho, muuguzi akapangiwa zamu ya mchana, tiketi ikabaki haina mwenyewe.

Iko tovuti ya kuuzia tiketi za namna hiyo. Mama Pindo akaifungua, miwani puani, akapiga hesabu kwa chaki pembeni mwa kitambaa cha mteja. Tiketi ilikuwa elfu hamsini. Tovuti inakata kumi na tano kwa mia, yaani elfu saba na mia tano, na ukitaka kutoa pesa yako inakukata tena. Akatafuta nyingine. Hiyo inakata nane tu kwa mia, ila inalipa siku kumi baada ya onyesho, kama mwajiri mbaya. Akakung'uta chaki. Alimwambia shoga yake kwamba tangu aanze kazi hajamshonea mtu gauni, kisha cherehani ikadai mkono mmoja wa gauni uwe ujira wake.

Basi akazishika tiketi zote mbili kama mcheza karata, akazipiga picha, akaitupa kwenye kundi la simu la wateja wake, watu mia moja na arobaini. Anauza kiti cha kumi na nne. Cha kumi na tano ni chake. Bei ileile, hakuna makato. Nusu saa haikuisha, mwalimu mmoja akalipa. Alimnunulia mama yake, bibi wa miaka themanini, ambaye tangu augue nyonga alikuwa hatoki ila kwenda hospitali. Mwalimu akasema mama ameshachagua viatu.

Raha hiyo ilidumu hadi muuguzi alipopiga simu.

"Shoga, ile picha umeitazama?"

"Nimeipiga mimi."

"Kuipiga si kuitazama. Ile alama ya vimraba iko wazi. Mashine ya mlangoni inasoma hiyo, haisomi karatasi. Yeyote kwenye kundi anaweza kuionyesha kwa simu yake akaingia. Wa kwanza ndiye mwenye tiketi. Wa pili ni tapeli."

Mama Pindo akaifuta picha kundini, lakini maji yalishamwagika. Akaikuza iliyobaki kwenye simu yake. Alama ya kiti cha kumi na nne ilikuwa wazi kama mdomo wa mpiga miayo. Ya kumi na tano ilikuwa imefunikwa na kidole chake gumba. Akakishukuru kidole, kisha akaona haya.

Akawapigia wauza tiketi. Muziki ulimwimbia dakika ishirini, ndipo msichana mmoja akamweleza kwa upole kwamba tiketi ikiuzwa kwenye tovuti yao, alama ya zamani hufa na mnunuzi hupewa mpya. Makato ni ya kazi hiyo. Iliyouzwa kienyeji hawaishughulikii.

Siku tatu zile alishona mikono miwili ya kushoto kwenye blauzi moja. Mteja akija kupima, Mama Pindo anamkagua uso badala ya kiuno: huyu anatabasamu nini? Mara tatu alimpigia mwalimu amwambie ukweli na kumrudishia pesa, na mara zote mwalimu alimtangulia: mama kaosha nywele, mama anaimba bafuni.

Njia ilikuwapo, tena fupi: ampe bibi ya kumi na tano, yeye abaki na ile ya kumi na nne. Kila alipoifikia njia hiyo, aligeuza. Yeye naye ana roho. Nyimbo zile ndizo zilizompatia mume. Mume alishaondoka, nyimbo zikabaki.

Onyesho lilikuwa la saa tisa alasiri, milango inafunguliwa saa saba. Mwalimu alikuwa amemwomba aende na mama yake, naye alitaka wafike wa kwanza. Bibi akabadilisha viatu mara mbili, wakafika saa nane kasoro, foleni imeshapinda kona ya ukuta.

Bibi alimwuliza mbona anahema kama aliyeiba kuku. Mama Pindo akasema ni jua. Mkobani zilikuwamo karatasi mbili, sawa kama mapacha, na kichwani uongo uliokwisha pigwa pasi: mashine zao mbovu, Mama, pole sana.

"Sikio langu la kulia limekufa," bibi akasema, akimshika mkono. "Kaa upande huo. Watu wakicheka, uniambie wanacheka nini, nicheke nao."

Wakafika mlangoni. Mama Pindo akatia mkono mkobani, akatoa karatasi moja, akairudisha, akatoa nyingine. Akampa bibi ya kumi na tano.

Mashine ikawaka kijani. Bibi akapita na fimbo yake.

Ya Mama Pindo ikawaka nyekundu.

"Hii imeshaingia, mama," mlinzi akasema. "Mlango wa pili, dakika arobaini zilizopita."

Hakubishana. Aliomba tu bibi asindikizwe hadi kitini. Bibi aligeuka, akamtazama yeye, akaitazama karatasi, akafuata alikoongozwa.

Mama Pindo akaketi kwenye ngazi za nje. Kamwacha bibi wa watu ubavuni kwa mwizi, na mwalimu atauliza. Simu ikalia.

"Mwanangu," bibi akanong'ona, mnong'ono wa kiziwi, ukumbi mzima unasikia. "Kwenye kiti chako liko jibaba lenye ndevu. Nimemwuliza tiketi kanunua wapi, kakohoa. Nimemtuma maji, kaleta. Nimemtuma mto wa kukalia, kaleta. Mwenye hatia ana miguu myepesi. Sasa nimwambie mwenye kiti yuko hapo nje, au nimtume kwanza karanga?"

Mama Pindo akaibana simu sikioni.

"Mtume karanga, Mama. Halafu umwambie. Na simu usiikate."

Wimbo wa kwanza ukaanza, ukimfikia mara mbili, ukutani na sikioni, na juu yake bibi akiimba maneno yake mwenyewe.