Tundu la Mbele

Jumamosi ile Huia Prendergast alianguka mara ya nne, na safari hii alianguka mbele ya darasa lake mwenyewe. Wanafunzi sita, watu wazima na heshima zao, walikuwa wamejipanga pembeni ya mteremko. Alikuwa ndiyo kwanza amewakumbusha sheria yake ya kufunga buti ubaoni, ile ambayo kila aliyejifunza ubao wa theluji katika klabu ya Mlima Rakiora anaijua hata usingizini: "Mguu wa mbele, rudi tundu moja!" Kisha akasema, haya, sasa tazameni kona inavyokatwa. Akawaonyesha makalio. Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililomuuma.

Ubao ulikuwa mpya, una siku tatu tu kwenye theluji. Ule wa zamani alikuwa nao misimu kumi na minne, mpaka Septemba iliyopita ulipopasuka juu ya mwamba, na yeye akalia waziwazi, mwanamke wa miaka hamsini na moja. Huu mpya ulikuwa mwepesi, mkakamavu, na haumsikii. Akitaka kona, mbele kunaelea tu, hakuumi theluji. Mara nyuma kunamponyoka, na yeye yuko chini. Wala msidhani alikuwa mzembe. Kabla ya kufunga vifungio vya buti alihesabu matundu ya skrubu kwenye ule wa zamani, akafunga kwenye huu mpya tundu kwa tundu, hakukosea hata moja. Sasa kama vipimo ni vilevile na mwendeshaji ni yuleyule, kosa liko wapi? Alianza kuamini kwamba kosa ni umri wake, na wazo hilo likashinda naye mchana kutwa.

Maana kesho yake, Jumapili saa nne asubuhi, ulikuwa mtihani. Kila msimu, kila mwokoaji wa klabu hushusha machela ya kuteleza kutoka kileleni hadi kibanda cha huduma ya kwanza, na ndani ya machela amelala mtu. Na si mtu yeyote tu: anayesaini karatasi ya kufaulu ndiye anayelala. Ukianguka mikono ikiwa kwenye mipini, unavua koti jekundu la waokoaji, unalirudisha kwenye msumari, basi. Huombi, hurudii, mpaka mwakani. Huia alikuwa amelivaa koti lile miaka kumi na miwili. Mjini alikuwa karani wa shule, mjane, mtu wa kupanga mafaili. Huku juu alikuwa mtu anayeitwa wengine wakiwa wameumia. Bila koti angebaki na mafaili tu.

Aliyekuwa anasaini mwaka huu ni Stu Geddes, mkuu wa waokoaji, kijana wa miaka ishirini na saba. Huia ndiye aliyemfundisha, tangu ana miaka kumi na mitatu na kamasi puani. Alimkuta jioni mapema nje ya mkahawa, anajifunga bendeji gotini, goti lake lile la mguu wa nyuma linalomsumbua kila Agosti.

"Shangazi, nimekuona leo."

"Umeona nini?"

"Si nimeona. Sikiliza, ukisema kesho goti linakuuma, nitaandika goti. Hakuna atakayeuliza."

"Mwenye goti bovu ni wewe. Langu zima."

"Najua zima. Nakupa njia, mama."

"Njia ya kwenda wapi? Jikoni, nikamenye viazi?"

Stu akavuta pumzi. "Mimi ndiye nitakayelala mle ndani, Shangazi. Pale kwenye korongo la mawe. Naogopa, nisikufiche."

Huia akaokota glavu zake, akaondoka. Hata yeye aliogopa.

Ikafika Jumapili. Kamba ya kupandia mlima ilikuwa imeshaanza kuzunguka; akaikamata kwa glavu, akaibana kwa koleo linaloning'inia kiunoni, kamba ikamvuta hadi juu. Alishuka mara moja kujipima. Akaanguka mara ya tano. Hapo zikawa zimebaki dakika arobaini.

Akaingia kibanda cha injini inayovuta kamba. Mwenye injini alikuwa Noeline, miaka sitini na minane, vidole vyeusi kwa grisi, mdomo usio na breki. Klabu ile haitupi kitu, na Noeline ndiye aliyekuwa ameutia miguu minne ubao uliopasuka, ukawa benchi pale mlangoni.

"Karibu, shoga. Kaa juu ya maiti yako."

Huia akakaa. Akavua glavu. "Noeline, nalipoteza koti."

"Nani kasema?"

"Ubao umesema. Mara tano sasa. Nimezeeka, na huu ubao unalijua hilo kuliko mimi."

"Ebo! Ubao una mdomo siku hizi?" Lakini Noeline alimtazama usoni, akaacha mzaha, akaenda kumimina chai.

Huia alikuwa anapapasa benchi bila kufikiri. Kea, wale kasuku wa mlimani wasioacha kitu, walikuwa wamelidonoa tangu msimu uanze, wakabandua rangi na gundi upande wa mbele. Kidole kikagusa kitu chenye ncha. Akainama. Ndani ya tundu la skrubu mlikuwa na njiti ya kiberiti.

"Noeline, hii njiti ya nini?"

Noeline akavaa miwani, akachuchumaa. "Ah! Si lile tundu lililokufa! Msimu wako wa kwanza na ubao huu, ulikaza skrubu kwa hasira mpaka uzi wa ndani ya tundu ukaliwa wote, skrubu haishiki tena. Nikajaza njiti na gundi, mguu wako wa mbele tukaurudisha nyuma tundu moja. Nikakwambia ni kwa siku mbili tatu tu, mpaka uupeleke kwa fundi mjini."

"Nikaupeleka?"

"Unaniuliza mimi?"

Hakuupeleka. Loo! Miaka kumi na minne alikuwa amesimama pabaya, uzito wote nyuma, akazoea, akapaita mtindo. Kisha akahesabu matundu kwa uangalifu mkubwa na kukihamishia kilema kile kwenye ubao ambao hauna ugonjwa wowote. Alijisikia mjinga hadi masikioni.

"Nipe bisibisi."

"We Huia we! Zimebaki dakika ishirini na tano. Miguu imezoea kuchechemea miaka yote hiyo, leo utaifundisha kutembea kwa dakika ishirini na tano? Ukianguka je?"

"Hata hivi nilivyo si naanguka?"

Noeline akampa bisibisi, akamshikia ubao magotini. Huia akakisogeza kifungio cha mbele tundu moja mbele.

Kileleni upepo ulikuwa unakata. Stu alikuwa ameshalala kwenye machela, mikanda kifuani.

"Shangazi, unatetemeka."

"Baridi."

"Sawa. Baridi."

Akashika mipini, akajiachia mteremkoni. Kona ya kwanza ubao uliuma theluji kabla hajamaliza kuuomba, nusura umtupe. Mwili ulitaka kurudi nyuma palepale ulipopazoea. Kila alipouachia urudi, machela ilimsukuma mgongoni. Korongo la mawe likafunguka chini yake, jembamba, theluji yake ngumu inang'aa.

"Mbele," akajiambia kwa sauti. "Mbele, mwanamke, mbele!"

"Unasemaje?" Stu akapaza sauti.

"Nyamaza! Wewe umevunjika!"

Kwenye kona ya mwisho ya korongo mguu wa nyuma ukasahau. Ubao ukapiga kando, machela ikamjia, goti lake likashuka hadi likawa kiganja kimoja juu ya barafu. Akaegemea mbele kwa nguvu zote alizokuwa nazo, kama mtu anayesukuma mlango. Ubao ukashika. Akasimama. Kibanda cha huduma ya kwanza kikamfikia taratibu, akaiweka machela mlangoni bila hata kuigonga.

Stu alijifungua mikanda. Akatoa karatasi, akasaini juu ya paja, akampa. "Umepita, Shangazi." Kisha akakunja uso. "Lakini ule si mwendo wako. Si ule uliotufundisha."

Furaha ilikuwa imeshampanda Huia kifuani, ikasimama hapohapo. Nje ya kibanda zilikuwa zimesimikwa mbao za waokoaji wenzake, kumi na moja, kila moja ya mtu aliyepita mikononi mwake. Akazitazama moja baada ya nyingine. Zote, mguu wa mbele umerudi tundu moja. Mbele ya kifungio cha Stu palikuwa na tundu safi, linang'aa, halijawahi kuingia skrubu.

Angeweza kunyamaza. Koti lilikuwa lake, karatasi imesainiwa. Stu akapiga hatua, akachechemea, akashika goti.

"Mwanangu," alisema, "hilo goti ni mimi."

Akamweleza yote, njiti na gundi, na uzito wote unaoangukia mguu wa nyuma, hakuacha kitu. Alipomaliza, akaanza kufungua zipu ya koti.

Stu alikuwa anautazama ubao wake. "Miaka kumi na minne, Shangazi."

"Kumi na minne."

"Na tundu langu halijafa."

"Lako zima. Yote mazima. Lililokufa lilikuwa langu peke yangu."

Stu akanyoosha mkono, akaipandisha zipu ya koti hadi kidevuni kwa Huia, kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika. Akang'oa ubao wake kwenye theluji, akamlazia miguuni.

"Anza na huu," alisema.

Huia akapiga magoti na bisibisi ya Noeline. Skrubu iliingia bila shida. Chini, kwenye njia ya maegesho, darasa la Jumapili lilikuwa linapanda, kila mtu na ubao wake kwapani.