Jina Ndani ya Kola

Kaka yangu akifurahi, mtaa mzima utajua. Lilipotoka agizo kwamba kila nguo ya mtoto lazima ichapwe jina la mtengenezaji, namba ya simu na mwezi ilipotengenezwa, sisi wachapaji wadogo wa picha za fulana tulishika tama. Yeye alishangilia. Siku hiyo hiyo akaniamuru nitengeneze fremu mpya ya wavu ya kuchapia jina lake ndani ya kola, tena kwa herufi nene.

Niseme ukweli, iliniuma. Karakana yetu ni chumba kimoja, meza mbili na kamba ya kuanikia, na anayechapa humo ni mimi. Mimi ndiye ninayekoroga wino, ninayeuvuta juu ya fremu hadi bega linawaka, ninayepiga pasi ili picha ishike. Kaka anauza, na kuuza anajua, simnyimi haki yake. Lakini kibao cha mlangoni kina jina lake, risiti zina jina lake, na wateja wananiita "yule mdogo wake Bosi". Nilitaka jina langu nalo likae mahali, hata kama ni penye jasho la shingo.

Tukapeleka sampuli kwa mama mwenye duka la nguo za watoto. Akaikagua ile kola, akamsifu kaka kwa ujasiri wake. Kaka akauliza ujasiri wa nini. Mama wa watu akamweleza taratibu kwamba jina linawekwa ili mtoto akitoka vipele au wino ukimdhuru, ijulikane ni nani wa kuitwa ajibu.

Hapo kaka akanywea. Njia nzima akawa anaigeuzageuza ile kola. Tulipofika mlangoni akaniwekea mkono begani.

"Mdogo wangu," akasema, "haki ni haki. Anayechapa ni wewe. Weka jina lako."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Jamani, ukarimu wa kaka yangu! Ila sikumpa nafasi ya kughairi. Fremu yake nikaiosha papo hapo, nikaweka jina langu lote na namba yangu ya simu. Halafu woga ukaniingia. Nikasoma upya maelezo ya wino, nikafua fulana moja tena na tena, nikaisugua kwa brashi nione kama picha itabanduka. Haikubanduka, lakini usingizi ulipungua.

Nguo zikaingia dukani. Asubuhi moja nikiwa napiga pasi, simu ikalia, namba ngeni. Mwanamke akauliza kama mimi ndiye niliyechapa fulana ya twiga. Mwanawe, alisema, analinyonya sikio la yule twiga kutwa nzima. Kaka, aliyekuwa akikunja nguo, akaanza kunipungia mikono niseme amekosea namba.

"Ndiye mimi," nikasema.

Nikamweleza kwamba wino ule ni wa maji, umepimwa kwa ajili ya nguo za watoto wachanga, na kwamba picha ikianza kumeguka airudishe nimpe nyingine. Akashusha pumzi. Alidhani hakuna atakayepokea, akasema. Kisha akaagiza fulana za darasa zima la chekechea analofundisha.

Hilo kaka alilisikia. Akaacha kukunja, akaja na mkono ameunyoosha, akinong'ona kwamba mambo ya oda aachiwe Bosi.

"Subiri, kaka," nikamwambia. "Mwenye jina anaongea."