Utepe wa Thelathini na Saba

Kwa miaka ishirini na mbili Lorraine Pasternak alikuwa akiwatimua wachezaji wa Wahunzi, timu ya mpira wa Kimarekani ya jiji lake, akiwa gerejini kwake, wala hakumwonea huruma hata mmoja. Jumanne ya mwisho ya Agosti ndiyo siku ya mchujo: timu inabakisha watu hamsini na watatu kati ya tisini, na majina yanatoka saa kumi jioni. Lorraine na wenzake wawili hawakuwa na subira ya kungoja saa kumi. Waliandika majina yote tisini kwenye vipande vya utepe wa karatasi, wakavibandika kwenye mlango wa friji kuukuu ya bia, kisha wakabandua kimoja kimoja kwa zamu. Anayebandua sharti aseme kwa sauti sentensi moja ya kweli kuhusu mtu anayemtoa, halafu utepe unaenda kwenye mfuniko wa pipa la taka. Anayemtetea mchezaji anavalishwa kofia ya sufu ya Kulungu, mahasimu wao, rangi ya chungwa, na anakaa nayo mpaka majina yatoke hata kama joto linakausha mate.

Sheria hizo alizitunga Lorraine mwenyewe, na kofia ile hakuwahi kuivaa.

Wa mwisho kuivaa alikuwa Earl Dombrowski, mstaafu wa kiwanda cha chuma, miaka kumi na mmoja iliyopita, alipomtetea mpwa wake Rodney. Lorraine alibandua utepe wa Rodney mbele ya macho yake. "Mikono ya siagi," alisema. "Mpira kwake ni sabuni ya kuogea." Earl alicheka, na Lorraine akaamini kicheko kile. Maneno yalimfikia Rodney, na tangu siku hiyo hakukanyaga tena gereji ile.

Mwaka huu, chini ya mpini wa friji, kulikuwa na utepe ulioandikwa PASTERNAK.

Tanner, mwanawe wa pekee, alikuwa na miaka ishirini na minne na kazi ambayo hakuna mtoto anayeiota. Kazi yake ilikuwa kuinama na kuutupa mpira nyuma, kati ya miguu yake, umfikie mpigaji wa teke aliyesimama hatua kumi na tano nyuma yake. Mtu wa kazi hiyo akifanya vizuri hakuna anayemjua jina. Akikosea mara moja, jiji zima linamjua mpaka babu yake. Timu hubakisha mmoja tu. Na palepale karibu na Tanner ulibandikwa utepe wa Gus Briscoe, mzee wa miaka thelathini na minane, aliyeifanya kazi hiyohiyo miaka kumi na minne bila kukosea.

"Haya, mwenye gereji huanza," alisema Earl akigeuza soseji kwenye jiko la pembeni.

"Leo aanze Marvella," Lorraine alisema. "Mgeni kwanza."

"Mgeni gani, shoga yangu?" Marvella Tubbs aliuliza. Alikuwa mwimbaji wa kwaya mwenye ulimi ambao kanisani hawakuujua. "Nimekula saladi yako ya viazi miaka ishirini na mbili, na bado nipo hai. Mimi si mgeni, mimi ni muujiza. Anza!"

Lorraine alianza, naye moyoni akapiga hesabu ambayo angepaswa kuipiga tangu jana. Watu wa kutolewa ni thelathini na saba. Waamuzi ni watatu. Anayeanza ndiye atakayemaliza.

Majina yakaanza kwenda na maji.

"Huyu anakimbia vizuri sana," Marvella alisema akibandua, "ila anakimbilia upande wetu."

"Huyu kazi yake ni kumlinda mrushaji," Earl alisema. "Anamlinda kama pazia linavyomlinda mtu na mwizi."

"Na mrushaji mwenyewe, bwana Hollander?" Marvella aliuliza.

"Hollander hatoki, tumekwama naye. Yule haangushwi, anaanguka. Adui akipiga chafya tu, keshalala."

"Mwaka huu tutashinda mechi ngapi kati ya kumi na saba?" Lorraine aliuliza.

"Nne," Marvella alisema. "Na moja kati ya hizo nne wapinzani watakuwa wamepotea njia."

"Kocha kasema huu ni mwaka wetu," Earl alisema.

"Kocha kasema hivyo tangu nina meno yangu mwenyewe."

Lorraine alicheka pamoja nao, lakini macho yake yalikuwa chini ya mpini. Kila zamu alingoja mmoja wao amtoe Briscoe. Kila zamu vidole vya Earl vilipita juu ya Briscoe, vikapita juu ya Tanner, vikaenda kwingine. Walipofika utepe wa ishirini na nane alielewa kwamba wanafanya makusudi, na jasho likamtoka. Alikasirika. Watu wazima, wamekula soseji zake, wamekaa kwenye viti vyake, na wanamtegea mtego wazi kama wanavyotegewa panya!

Walipobaki hamsini na wanne, Earl aliweka bia chini.

"Zamu yako, bibi wee. Yupi? Mpira wa Alhamisi ile sote tuliuona."

Alhamisi, katika mechi ya mwisho ya majaribio, mpira wa Tanner ulipaa juu ya kichwa cha mpigaji ukaenda kuokotwa na Kulungu.

"Mpira ulikuwa umelowa," Lorraine alisema.

"Umelowa na nini?" Marvella aliuliza. "Hapajanyesha tangu Julai."

"Jasho."

Marvella alicheka mpaka akashika ukuta. Lorraine alinyoosha mkono kwenye utepe wa Briscoe, akaushika pembeni. Ilibidi aseme sentensi moja ya kweli. Alitafuta kosa la Gus Briscoe, akakosa hata la kusingizia.

"Ana... watoto wake wamekua," alisema. "Si apumzike?"

"Huko ni kutetea!" Earl alipiga meza. "Marvella, kofia!"

Marvella alimvisha mwenyewe, akaishusha mpaka masikioni, akampiga picha. "Mkuki kwa nguruwe mtamu," alisema, "kwa binadamu mchungu. Geuka kidogo, nipate na hilo pua."

Sufu iliwasha. Lorraine alisimama mbele ya friji kwa aibu ambayo hakuwahi kuijua, na bado hakuuachia utepe wa Briscoe. Saa ya ukutani ilionyesha tisa na nusu.

Simu ikalia. Alikuwa Tanner. Kwa mazoea Lorraine aliiweka sauti wazi, maana Tanner hupenda kuwasalimu wote.

"Mama, mmemaliza friji?"

"Bado kidogo."

"Mimi nipo mlangoni?"

"Upo, mwanangu. Upo palepale."

"Basi nitoe." Alicheka kidogo. "Wameniita. Wameniambia niende kwa kocha na daftari langu."

Hakuna mtu wa mji ule asiyejua maana ya kuitwa na daftari la mbinu: unalirudisha, nawe umetolewa. Earl alizima jiko.

"Usiwaache wakae wakingoja," Tanner alisema. "Nitoe, useme na sentensi. Nimekulia humo gerejini, Mama, ninazijua sheria. Na isiwe ya huruma."

"Siwezi."

"Wewe? Wewe uliyesema yule beki ana akili ya mkate? Sema bwana, ninataka kucheka leo."

Angeweza kusema lolote. Lakini sheria ilitaka kweli, na kweli aliyokuwa nayo ilikuwa moja tu, naye alikuwa amekaa nayo muda mrefu.

"Ukichoka," alisema, "bega la kushoto linashuka. Likishuka tu, mpira unapaa."



"Hivyo ndivyo alivyosema kocha baada ya mechi," Tanner alisema. "Bega la kushoto. Kasema lingerekebishika kama mtu angeniambia mapema. Uliliona Alhamisi?"

Lorraine aliuachia utepe wa Briscoe.

"Mama. Lini?"

"Ulikuwa na miaka kumi na sita."

"Miaka minane." Sauti haikuwa ya hasira, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi. "Wote uliwaambia. Watu usiowajua, uliwaambia. Hata Rodney ulimwambia."

"Wewe ni mwanangu."

"Ndiyo," Tanner alisema. "Kocha ananingoja." Akakata.

Marvella alifungua simu yake, akaifuta ile picha, akaketi. Lorraine alibandua utepe ulioandikwa PASTERNAK, akauweka kwenye mfuniko wa pipa, akausugua kwa kidole gumba mpaka ukashika vizuri.

Saa kumi majina yalitoka. Hakuna aliyeyasoma.

"Vua kofia, Lorraine," Earl alisema. "Muda umekwisha."

"Niache nayo," alisema. "Nipe namba ya Rodney, nimwombe radhi."