Makubadhi ya Uzi Mwekundu

Mwaka wa pili wa Jamhuri, Kahaso alikuwa mwanamke pekee aliyeshona viatu Msambweni, na kazi yenyewe ilikuwa karibu kumfia mkononi. Mumewe Jefwa, aliyekuwa fundi wa viatu, alipofariki alimwachia kibanda kando ya njia ya sokoni, nyundo, shazia ya kushonea ngozi na vipande vya ngozi. Kazi Kahaso aliijua vizuri; viatu vingi vilivyosifiwa kuwa vya Jefwa vilishonwa na yeye. Lakini watu walipomwona ameketi kwenye kigoda cha marehemu, walipita. Na maduka ya Ukunda yalikuwa yameanza kuuza ndara za plastiki.

"Shemeji, funga kibanda ulime," Fondo, mdogo wa marehemu, alimwambia. "Hakuna mwanamume atakayekuletea mguu wake umpime."

"Yuko atakayekuja," alijibu Kahaso.

Aliyekuja alikuwa Muthoka, mkulima Mkamba aliyepewa shamba huko Shimba Hills. Alikuwa ametibiwa ukoma katika kituo kilichokuwa nje ya mji hata akapona, ila nyayo zake zilibaki zimekufa ganzi. Alisimama nje ya kibanda, mbali kidogo, kama mtu aliyezoea kuambiwa asikaribie.

"Mama, msumari ulitokeza ndani ya kiatu," alisema. "Nimetembea nao njia nzima bila kujua. Nimeona damu tu."

Kahaso alimwambia aketi. Hannah, muuguzi wa kituo kile, alikuwa amewaeleza wanawake wa mtaa kwamba aliyetibiwa haambukizi mtu. Hata hivyo, mkono wa Kahaso ulisita juu ya mguu ule wenye kidonda. Kisha akaushika, akaupima.

Alimtengenezea viatu visivyo na msumari hata mmoja. Chini aliweka mpira wa gurudumu la gari, juu yake mpira laini, na pande zote akazishona kwa uzi uliopakwa nta. Kidonda kikafunga. Muthoka akawaleta wenzake, nao wakawaleta wenzao, na Kahaso akaona amepata wateja ambao hakuna fundi mwingine aliyewataka.

Ndipo mji ukavipa viatu vile jina: viatu vya wakoma. Watu wachache waliokuwa wamemletea viatu kutengeneza walikuja kuvichukua kabla havijaguswa. Na siku moja Muthoka mwenyewe alifika miguu mitupu, viatu vyake amevitia kwenye mfuko wa begani.

"Mbona huvivai?" Kahaso alimwuliza.

"Nikivivaa, kila mtu anajua nilikotoka kabla sijasema hujambo." Akaviweka chini. "Mama, mimi nimepona. Sitaki viatu vya mgonjwa. Nataka viatu."

Maneno hayo yalikuwa bado yanamsumbua Kahaso alipofika Bwana Mwero, msimamizi wa kituo, pamoja na Hannah. Mwero alitaka viatu vya wagonjwa wote, kazi ya kumtosha Kahaso mwaka mzima. Sharti lilikuwa moja: kila ukanda upigwe mhuri wa kituo, kwa sababu vitu vya kituo vilikuwa vikiishia kuuzwa sokoni.

"Nakuelewa, Bwana Mwero," Kahaso alisema. "Lakini ukipiga mhuri hawatavaa. Sitaweza kushona viatu vya kukaa uvunguni."

Mwero akaaga kwa heshima, akaenda kuagiza kwingine. Fondo alipopata habari, aliacha kupita kibandani kwa shemeji yake.

Kahaso alikasirika, akalia kidogo peke yake, kisha akashika kazi. Soli aliziacha vilevile, laini na bila misumari, lakini juu aliweka umbo la makubadhi ambayo watu huvaa harusini: ukanda mpana wenye nakshi, na gidamu ya kupita kati ya vidole iliyosokotwa vizuri. Ukingoni alipitisha mshono wa uzi mwekundu. Aliamua kwamba kila kiatu kitakachotoka kibandani mwake, awe anakinunua aliyetoka kituoni au anayetoka msikitini, kitakuwa na uzi huo. Jozi ya kwanza aliivaa yeye.

Hakungoja waje. Alitia makubadhi kwenye kapu akaenda nayo Kinondo, akaenda Ukunda, akaenda Bodo. Hakuwaita wapita njia wote. Aliwatafuta wale ambao miguu ndiyo kazi yao: wakata miwa, wachuuzi, wanawake wanaobeba mizigo kichwani. Huko Bodo alimkuta Mbodze, muuza samaki aliyejulikana hadi Msambweni kwa sauti yake na kwa mwendo wake mrefu. Visigino vyake vilikuwa vimepasuka.

"Ndani hamna msumari," Kahaso alimwambia. "Tena nikwambie mwenyewe, usije ukaambiwa na mwingine. Waliotibiwa ukoma wanavaa hivi hivi."

Mbodze aligeuza kiatu, akabonyeza soli kwa kidole gumba. "Ugonjwa unakaa kwenye uzi?"

"Haukai."

"Nipe basi nijaribu."

Alitembea navyo mpaka sokoni akarudi, na kesho yake akaenda tena. Kila aliyemuuliza alijibiwa kwa sauti ya kusikika upande wa pili wa soko. Baada ya hapo wakata miwa walianza kusimama kibandani kuulizia yale ya uzi mwekundu. Muthoka alivaa yake kwenye harusi ya binti yake Syovata, akaketi mbele na wakwe, na mkwe mmoja akamwuliza fundi ni nani.

Bwana Mwero alirudi msimu wa mvua ulipokwisha. Viatu vyenye mhuri vilikuwa vimejaa uvunguni mwa vitanda, na vidonda vilikuwa vimerudi.

"Tushonee kama unavyowashonea wengine," alisema.

"Nitashona. Ila waje wenyewe niwapime hapa, kwenye benchi hili."

Mwero aligeuka akatazama njia ya sokoni. "Hapa, njiani? Watu watasema nini?"

"Wameshasema. Nami bado nipo."

Hannah ndiye aliyewaleta wagonjwa, asubuhi ya siku ya soko. Walipoketi, mkata miwa mmoja aliyekuwa akisubiri benchini aliinuka akaondoka bila kuaga. Mwenzake alitaka kumfuata, akatazama viatu vya uzi mwekundu alivyovaa mwenyewe, akasogea tu kuwapa nafasi. Fondo, aliyekuwa amefika na mzigo wa ngozi begani kwa mara ya kwanza tangu alipoacha kupita, aliutua chini akatafuta mahali pa kuketi. Benchi lilikuwa limejaa.

"Shemeji," alisema, "hapa patahitaji benchi jingine."

"Lilete," alisema Kahaso, na akainama kwa mzee aliyekuwa wa kwanza kwenye mstari. "Weka mguu hapa, baba. Usiogope kuuegemeza."