Pipa Limekunywa Nini

Balaa lote lilianza na neno moja, kuchoma.

Zephania wa Vudee, milimani Upare, alikuwa bingwa wa kuchoma matofali, na wala hakuwa na haya ya kujisifu. Lakini tangu kahawa ishuke bei, nani alikuwa anajenga? Akateremka tambarare, kwenye shamba la mkonge ambalo serikali ilikuwa imemuuzia mtu binafsi, maana alisikia wanatafuta mtu wa kuchoma. Mnyapara, mzee Humphrey, akamuuliza kama kweli anachoma. Zephania akajibu kwamba anachoma tangu hajaota ndevu. Na moto je, anauweza? Moto, akasema, ni kama ndugu yake. Akaambiwa aanze mwanzo wa mwezi. Wakati anatoka ndipo karani alipompongeza kwa kupata kazi ya fundi wa kuchomelea vyuma.

Angeweza kurudi akasema ukweli. Ila mkewe, Justa, alikuwa ameshampelekea mwinjilisti habari, na Jumapili usharika mzima ukasimama kushukuru. Ukishaimbiwa na kwaya, unarudije kusema kumbe yalikuwa matofali?

Basi akaenda Same mjini kujifunza kimyakimya kwa Salimu, mtu wa Tanga aliyekuwa na karakana karibu na stendi na maneno mengi kuliko vyuma. Mara ya kwanza kugusisha fimbo ya kuchomelea, ikanata kwenye chuma, mashine ikanguruma, na Zephania akajikuta amesimama kwa muuza machungwa ng'ambo ya barabara.

“Mpare wewe,” Salimu akamwita, “unaibana fimbo kama unabana shilingi. Inyanyue kidogo ipumue.”

Mara ya pili alisahau kujikinga na ile ngao yenye kioo cheusi. Kulipokucha, macho yalikuwa kama yamejazwa mchanga. Justa akambandika vipande vya viazi vibichi machoni, akamwambia akiongezewa chumvi atatosha kuwa kitoweo. Zephania hakucheka. Alikuwa anawaza kwamba kitu kilichomuumiza hivyo kilikuwa ni mwanga tu. Chuma chenyewe kilikuwa bado hakijamgusa.

Hata hivyo akajifunza. Salimu alimwambia asihangaike na macho, asikilize: moto ukikaa sawasawa hulia kama maandazi yanayotumbukizwa kwenye mafuta. Zephania, aliyezoea kusikiliza tanuri, hilo akalielewa. Alikuwa ameanza hata kutabasamu pale Salimu alipomuuliza anakwenda shamba gani. Alipolitaja, Salimu akaweka nyundo chini.

“Kumbe unakwenda kwenye nafasi ya Gregori.”

Gregori, akaeleza, alikuwa fundi kumshinda hata yeye. Siku moja alipewa pipa lenye ufa, kavu kabisa, akaligusa kwa moto. Petroli ilikuwa imekwisha humo zamani, lakini mvuke wake haukwisha. Mfuniko uliokotwa mbali katikati ya mkonge. Gregori walimzika kesho yake.

“Kabla hujawasha, uliza pipa limekunywa nini,” Salimu akasema, na safari hii hakuwa na mzaha. “Hata wakikuapia, lijaze maji kwanza.”

Tangu hapo Zephania alikuwa akipita kwa mama wa maandazi anatoka jasho.

Siku ya kwanza kazini, mzee Humphrey akasukuma pipa lenye kutu na ufa hadi miguuni pake. Vibarua wakasogea kumwona fundi mpya. Akapewa ngao iliyoning'inia kwenye msumari, na alipoivaa, ndani kulinuka jasho la mtu mwingine. Hakuuliza la nani. Mkanda wake ulikuwa umefungwa kwa kichwa kikubwa kuliko chake.

“Shikamoo mzee,” akasema kwa sauti nyembamba, ingawa walishaamkiana asubuhi. “Hili pipa limekunywa nini?”

Vibarua wakaangua kicheko. Mmoja akataka kujua kama limekunywa chai au dengelua, pombe ya miwa. Zephania akaomba lijazwe maji, na kicheko kikakatika, kwa sababu maji pale yaliletwa kwa trekta na watu walikuwa wakiyapangia foleni.

“Gregori hakuwahi kudai maji,” mzee Humphrey akasema.

“Ndiyo maana mimi nayadai.”

Mzee Humphrey akaitazama ile ngao, kisha akaagiza trekta lije. Wakalilaza pipa, ufa ukiwa juu, wakamimina maji mpaka karibu yaufikie. Wanawake waliokuwa na ndoo walisema maneno ambayo mwinjilisti asingependa kuyasikia. Zephania akagusisha fimbo. Ikanata. Akaibandua, akagusisha tena, na maandazi yakaanza kulia.

Alipomaliza, mzee Humphrey akaligeuza pipa. Tone moja likachungulia kwenye kiungo, likaanguka. Likafuata jingine.

“Wewe ulichomelea wapi?”

“Vudee,” Zephania akasema. “Matofali.”

Hata vibarua hawakucheka. Mzee Humphrey akalifuta lile tone kwa kidole.

“Na habari ya maji, kwenye matofali huko, nani alikufundisha?”

“Woga, mzee.”

Mzee Humphrey akalirudisha pipa, ufa juu.

“Rudia,” akasema, akasogea nyuma hatua kadhaa, mbali kidogo kuliko mwanzo.

Zephania akaishusha ngao ya Gregori usoni.