Duara kwenye Jiwe la Mkwe

Mawifi walikuja wakaisifia ile kaunta mpya ya jikoni mpaka mate yakawakauka. Nyeupe pe, na mishipa ya kijivu kama mkono wa ajuza. Walipoondoka tu, likatokea duara. Duara moja lililofifia, linalokwaruza kidogo ukilipitishia kidole, pale karibu na jiko. Mkwe akalisugua, akalisugua tena. Duara limekaa kama mgeni asiyejua kuaga.

"Mama," akamwambia mama mkwe wake, "ni hicho kikombe chako cha bati. Chai yako ya kuchemka imeunguza jiwe."

"Maji ya moto hayaunguzi nyumba, mwanangu, yataunguza jiwe?"

"Basi nani? Mwanao hata njia ya jikoni haijui."

Bibi, yule mama mkwe, akachukua kikombe chake akatoka. Tangu siku hiyo akapigwa marufuku jikoni. Chai akawa analetewa chumbani, imefunikwa kama ya mgonjwa, tena haikukolea majani. Kumnyima Bibi jiko ni kumzika kabla ya saa yake. Alilitaka jiko lake, na zaidi ya hapo alitaka kujua: ni kitu gani chenye meno ya kung'ata jiwe?

Kipande kilichobaki wakati wa kukata kaunta kilikuwa kinazuia mlango wa uani. Akakitia kapuni, akaenda nacho mtaa wa nyuma kwa fundi wa mawe. Watu walimwita Vumbi, maana alikuwa mweupe kuanzia kope mpaka viatu.

"Shikamoo, Bibi. Umekuja kuchagua jiwe la kaburi?"

"Marahaba. La kwangu au la kwako?"

Vumbi akacheka mpaka mabega yakafuka. Bibi akampa kipande. "Mkwe wangu anasema hii graniti, haidhuriki na kitu."

"Nilipomkatia nilimwambia ni marumaru. Akasema, fundi, mimi nataka jeupe, majina baki nayo."

Akaokota jiwe la madoadoa, akalikwaruza kwa msumari. Msumari ndio uliochubuka. "Graniti ni hii. Zamani ilikuwa uji wa moto tumboni mwa ardhi. Ikapoa polepole mno, ndiyo maana ikaota punje. Ikishatoka juu, jua na mvua vinaimegua mpaka inakuwa mchanga. Mchanga ukachukuliwa na mto, ukalala, ukalaliwa na mwingine, ukashikana." Akanyanyua jiwe lingine, la matabaka kama mashuka kabatini. "Jiwe tena."

"Kumbe hayatulii! Na la mkwe wangu?"

Vumbi akampa jiwe la chokaa. Ndani yake Bibi akaona makombe madogo ya konokono, akayahesabu kwa ukucha kama mtu anayetafuta mawe kwenye mchele.

"Hao walikufa baharini, wakarundikana. Rundo likawa jiwe. Sasa jiwe hili likizikwa chini sana, likabanwa, likapikwa bila kuyeyuka, linageuka. Makombe huyaoni tena. Ndiyo marumaru."

"Joto na kubanwa mpaka kwenu kusijulikane," Bibi akasema. "Kama mwanamke aliyeolewa kwenye ukoo wenye mawifi wengi."

"Ila jiwe hili tabia ya chokaa hailitoki." Vumbi akakwangua unga kutoka kipande cha Bibi, akaukamulia nusu ya ndimu iliyobaki kwenye chakula chake. Unga ukatoa povu, ukachemka bila moto. Akaikamulia graniti, graniti ikamtazama tu.

Bibi akainama, sikio kwenye povu. "Linanong'ona! Hebu rudia." Vumbi akarudia mpaka ndimu ikaisha.

Njiani, miguu ya Bibi ikasimama yenyewe. Ndimu! Chai yake yeye haijawahi kuonja ndimu. Lakini nyumbani kulikuwa na mtu anayekunywa maji ya ndimu kila asubuhi, ili tumbo lipungue kabla ya mawifi kurudi.

Kesho yake Bibi akawahi jikoni. Mkwe alipoingia akakuta glasi yake ya maji ya ndimu, tupu, imewekwa juu ya duara, imelikaa sawasawa kama kifuniko na chungu chake. Kando yake kile kikombe cha bati, kipana kupita duara. Mbele yake ndimu, na kisahani cha kuwekea glasi.

Mkwe akatazama glasi. Akatazama ndimu. Akaketi.

"Siki nayo inaling'ata jiwe hili vilevile," Bibi akasema taratibu. "Chochote kichachu."

Mara mume akachungulia, anatafuta soksi. "Kulikoni asubuhi yote hii?"

Mkwe akainamisha macho.

"Tunasoma mawe," Bibi akajibu. "Soksi zipo kwenye kamba ya nguo. Nenda."

Akaenda. Mkwe akashusha pumzi, akamsogezea Bibi sufuria ya chai.

"Mama, leo pika wewe. Yangu haikolei."

"Na mimi nilidhani ni ulimi wangu umezeeka!" Bibi akawasha jiko.

"Na hili duara, Mama?"

"Vumbi anaweza kulisugua likatoka, mwite. Mimi ningeliacha. Kitu kimeanza konokono kikaishia kaunta. Unajuaje kama kimeshamaliza kugeuka?"